Mkono wa Serikali Juu ya Redio: Historia Inavyosomeka Kutoka Kalemie

Kutoka Kalemie hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,500 kwa ndege. Kutoka Kalemie hadi Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 130 tu. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza kusomwa Kinshasa, huku ziwani ni saa 3 tayari, maana nchi ina majira mawili. Umbali huo, pamoja na Kiswahili kinachozungumzwa pande zote mbili za maji, unaifanya historia ya sheria za utangazaji za Kongo isomeke wazi zaidi ukiitazama kutoka Katanika au mtaa mwingine wa mji huu kuliko ukiitazama kutoka wizarani. Anayetoa amri huona kituo kilichofungwa. Anayesikiliza huona pengo, na pengo hilo huliziba mara moja kwa sauti nyingine iliyo hewani. Kwa zaidi ya miaka themanini, tawala za Kongo zimetunga sheria kujibu swali la nani ashike mtambo, na zimeliacha nyuma swali la msikilizaji anadai nini kwa wanaomtangazia. Ushahidi wa miaka hiyo waonyesha kwamba sheria ya namna hiyo haijailinda serikali wala haijawalinda wananchi, na kwamba mara chache ambapo njia nyingine ilijaribiwa, ilizaa matunda.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kiutawala. Katika miaka ya mwanzo ya 1910 Wabelgiji walijenga mlolongo wa vituo vya simu ya upepo kutoka Banana na Boma kupitia Stanleyville, Kindu, Kongolo na Kikondja hadi Élisabethville, ili maagizo ya serikali yafike haraka kuliko mashua na wapagazi. Mawimbi yalizaliwa yakiwa chombo cha ofisi, na dhana hiyo haikuondoka hata redio ya kusikilizwa na watu ilipokuja. Wajesuiti wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walianzisha Radio Léo mwaka 1937, na Jean Hourdebise akaanzisha kituo chake binafsi, Radio Congolia. Vita vilipoiangusha Ubelgiji mwaka 1940, serikali ya koloni ilifungua Radio Congo Belge, na mwaka 1943 mtambo wa kilowati 50 ukasimikwa Léopoldville ili Wabelgiji waliokuwa chini ya Wajerumani wasikie sauti ya serikali yao iliyokimbilia uhamishoni. Mtambo mkubwa kuliko yote nchini uliwekwa basi kwa ajili ya wasikilizaji walioko Ulaya. Wakongo walipata matangazo yao rasmi mwaka 1949, kwa Kifaransa, Kilingala, Kikongo, Chiluba na Kiswahili, wakati Radio Congolia ilikuwa imekwisha kunyamaza.

Matangazo hayo yalimchukulia Mwafrika kama mtu wa kufundishwa: usafi, kazi, malezi, nyimbo zilizochujwa. Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa mji wa bandari na reli iliyofika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, ukiwa pia na kiwanda cha nguo cha Filtisaf na mitaa ya wafanyakazi waliotoka kila upande. Watu wa mji wa namna hiyo hawakosi habari za mbali, kwa kuwa meli na treni huzileta. Kutoka mwaka 1954 Cairo ilitangaza kwa Kiswahili dhidi ya ukoloni. Mwaka 1956 shirika la utangazaji la Tanganyika lilianzishwa Dar es Salaam. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Mkoloni aliyekichagua Kiswahili ili awafikie watu wake wa mashariki alikuta lugha hiyo imewafungulia milango mingine ambayo hakuwa na ufunguo wake. Hapo ndipo udhaifu wa kwanza wa sheria ya kushika mtambo ulipojitokeza: ilitawala chanzo kimoja cha sauti katika anga lenye vyanzo vingi.

Uhuru ulipokuja, hakuna aliyeibadilisha dhana hiyo. Kila upande ulikimbilia kuimiliki redio. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza redioni Élisabethville kwamba Katanga imejitenga. Waluba wengi wa kaskazini, wafuasi wa Balubakat ya Jason Sendwe, waliukataa utengano huo, lakini mtambo wa Élisabethville ulisema kwa jina la Katanga nzima, wao wakiwemo. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza kazi Waziri Mkuu Lumumba, na Lumumba akaingia studio usiku uleule kumjibu. Kesho yake Andrew Cordier, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, aliamuru kituo cha Léopoldville kifungwe kwa jina la amani. Amri hiyo ilionekana kuwa ya haki kwa sababu ilimfungia kila mtu. Matokeo yake yalikuwa tofauti: Kasavubu alikuwa na rafiki Brazzaville, ng'ambo ya mto, ambako redio ilimpokea, Tshombe alikuwa na mtambo wake mwenyewe, na Lumumba, ambaye nguvu yake kubwa ilikuwa ulimi, ndiye aliyebaki bila sauti. Kabla ya mwezi kwisha Mobutu alikuwa amekwisha kutumia redio kutangaza kwamba anawaweka kando wanasiasa wote. Tukio hilo lina somo ambalo watunga sheria wa Kongo hawajalitia maanani mpaka leo: kufunga mawimbi kunamwumiza yule asiye na njia ya pili, hata kama anayefunga anadhani ameshika mizani sawa.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu aliumaliza ushindani kwa kuwa mwenye mtambo pekee. Televisheni ilianza Kinshasa tarehe 24 Novemba 1966, siku ya kumbukumbu ya utawala wake. Nchi ilipoitwa Zaire, redio ikawa Sauti ya Zaire, na mwaka 1981 redio na televisheni zilikuwa chini ya shirika moja la serikali, OZRT. Wakati huo hapakuwa na chombo cha kusimamia watangazaji, na hakikuhitajika, kwa kuwa mtoa leseni, mtangazaji na hakimu walikuwa dola ileile chini ya chama kilekile, MPR. Sakombi Inongo, aliyesimamia propaganda ya miaka hiyo, aliidhinisha taarifa ya habari ifunguliwe kwa picha ya Rais akishuka kutoka mawinguni. Tusidhani kwamba ng'ambo ya ziwa kulikuwa na uhuru kamili. Tangu mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikuwa chini ya wizara, na ilitangaza siasa ya chama kimoja. Faida ya mkazi wa Kalemie ilikuwa kwamba alisikia serikali mbili zikisema mambo tofauti juu ya jambo lilelile. Mwenye kusikia masimulizi mawili hulazimika kupima, na kupima ndiko kunakomfanya msikilizaji awe raia.

Mobutu aliporuhusu vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, vituo binafsi na vya makanisa vilianza kuchipuka Kinshasa, na sheria namba 96-002 ya tarehe 22 Juni 1996 ikatambua uhuru wa vyombo vya habari na haki ya watu binafsi kutangaza. Sheria ilikuwa hatua kubwa, lakini iliacha funguo mikononi mwa mawaziri, na kabla haijazoeleka vita vikaja. Agosti 1998 Kalemie iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na kwa miaka kadhaa nchi ikawa na serikali zaidi ya moja, kila moja na redio yake. Ungedhani waasi, waliolalamikia udikteta, wangekuja na desturi mpya. Mwaka 1999 RCD iliifunga Radio Maendeleo ya Bukavu, kituo cha mashirika ya wananchi kilichosikilizwa sana Kivu, kwa namna ileile ambayo Kinshasa ingeifunga. Mwenye nguvu mpishe: hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mawimbi pande zote za mstari wa vita.

Tarehe 25 Februari 2002 kilianza kitu cha aina nyingine. Radio Okapi, iliyoundwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, ilitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, na Kalemie ikawa miongoni mwa miji iliyopata kituo chake. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, mtu wa Kalemie na mtu wa Kinshasa walisikia taarifa moja, kila mmoja kwa lugha yake, ikieleza mambo ya pande zote mbili za mstari wa mapigano. Wanaosema kwamba Okapi ilifaulu kwa sababu ya fedha za kigeni wanasema kweli, lakini hawasemi kweli yote. Mitambo ya fedha nyingi imekuwepo Kongo tangu 1943. Okapi iliongeza kanuni ya kazi: habari ithibitishwe, aliyetajwa aulizwe, na lugha iwe ya msikilizaji. Kanuni hiyo ilitoka nje ya sheria ya Kongo, na hapo ndipo penye kasoro. Redio inayolindwa na kinga ya Umoja wa Mataifa haiwezi kuwa msingi wa kudumu wa haki ya raia, kwa kuwa wenye kinga siku moja hufunga mizigo.

Ndani ya sheria za nchi, jaribio la maana zaidi lilikuwa la Mamlaka Kuu ya Vyombo vya Habari, HAM, mojawapo ya taasisi tano za kuunga mkono demokrasia zilizozaliwa na makubaliano ya amani na kuingizwa katika katiba ya mpito ya mwaka 2003. Iliongozwa na mwandishi wa habari Modeste Mutinga, na ilibidi isimamie uchaguzi wa 2006 ambapo wagombea wakuu walikuwa na televisheni zao, kila mmoja akiitumia dhidi ya mwenzake. Tarehe 27 Julai 2006, siku ya mkutano wa hadhara wa mgombea Jean-Pierre Bemba, ofisi za HAM mjini Kinshasa ziliporwa na kuharibiwa. Wiki tatu baadaye, bado ikiokota vipande vyake, ilizisimamisha kwa saa 24 televisheni ya CCTV ya Bemba na pia RTNC ya serikali, kwa kuonyesha picha za kuchochea ghasia. Adhabu ilikuwa fupi, ilikuwa na sababu iliyotajwa hadharani, na iliigusa televisheni ya dola kama ilivyoigusa ya mpinzani. Katika historia yote niliyoieleza tangu mwaka 1940, huo ndio mfano bora wa kanuni iliyomlinda mtazamaji dhidi ya wenye mitambo wote kwa pamoja.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kuudumisha mfano huo. Ibara ya 24 inasema vyombo vya utangazaji vya dola ni huduma za umma ambazo haki ya kuzifikia imehakikishwa kwa mikondo yote ya kisiasa na kijamii, na ibara ya 212 iliunda Baraza Kuu la Utangazaji na Mawasiliano, CSAC, ambalo sheria yake ilitiwa saini tarehe 10 Januari 2011. Kwa maandishi, hakuna cha kulaumu. Kwa vitendo, mkono wa zamani ulirudi. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ilikatwa katika FM Julai 2009 na kurudi Oktoba 2010. Ilikatwa tena Kinshasa Novemba 2016 na kurudi Agosti 2017. Kila mara uamuzi ulitoka serikalini, wala si kwa jopo lililosikiliza pande mbili. Desemba 2012 CSAC yenyewe iliisimamisha Radio Okapi, ikitaja kosa la kutowasilisha ratiba ya vipindi, siku chache baada ya redio hiyo kumhoji kiongozi wa waasi wa M23. Tarehe 31 Desemba 2018, kura zikihesabiwa, intaneti ilizimwa nchi nzima na RFI ikakatwa. Mwaka 2023 amri yenye nguvu ya sheria, namba 23/009 ya tarehe 13 Machi, ilichukua nafasi ya sheria ya 1996. Juni 2025 CSAC ilivikataza vyombo vya habari kuripoti shughuli za rais wa zamani Joseph Kabila na chama chake. Maandishi yamebadilika mara nyingi, lakini swali linaloulizwa kwanza ni lilelile la mwaka 1940: nani asisikike?

Wapo watakaojibu kwamba katika eneo la Maziwa Makuu hoja hii ni ya hatari, na wana kaburi kubwa la kuonyesha. RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993, ikachochea mauaji ya kimbari mwaka 1994, na mahakama ya kimataifa ya Arusha ikawatia hatiani waasisi wake mwaka 2003. Kama serikali ingekuwa na mkono mwepesi wa kufunga, wanasema, watu wangeokoka. Historia ya RTLM yenyewe inaeleza vingine. Waziri wa habari, Faustin Rucogoza, aliwaita viongozi wa kituo hicho Novemba 1993 na tena Februari 1994, akawaonya kwamba wanavunja sheria na masharti ya mkataba wao na serikali. Sheria ilikuwepo na waziri alikuwepo. Hakuweza kuwazuia kwa sababu walikuwa na ulinzi wa watu waliomzidi nguvu, na mauaji yalipoanza Aprili 1994 yeye alikuwa miongoni mwa waliouawa mwanzoni. Kilichokosekana Rwanda ni msimamizi asiyeweza kuzidiwa na wakubwa wa ikulu na jeshi. Kumpa mkubwa huyohuyo swichi ya vituo vyote kungemwongezea nguvu aliyokuwa nayo tayari. Uchochezi wa chuki lazima uzuiwe, na uzuiwe upesi. Kwa sababu hiyohiyo mamlaka ya kuzuia isikabidhiwe kwa upande mmoja wa ugomvi.

Pingamizi la pili ni la vita, na halipaswi kupuuzwa. Goma na Bukavu zilitekwa na M23 mapema mwaka 2025. Serikali gani itaruhusu adui ahojiwe katika redio zake? Haki ya dola kuficha mipango ya jeshi haina ubishi. Lakini tofauti kati ya siri ya kijeshi na habari ya kisiasa ni kubwa, na kuizika kunaigharimu serikali yenyewe. Mkazi wa Kalemie aliyenyimwa maelezo ya kituo cha nyumbani hakai gizani: anazo BBC, DW na RFI kwa Kiswahili, anazo redio za Tanzania, na sasa anazo sauti zisizo na jina zinazosambazwa kwa simu. Katazo halimpunguzii habari za adui. Linampunguzia habari zilizothibitishwa na mwandishi anayejulikana, ambaye akikosea anaweza kushtakiwa. Burundi ilijionea hayo Mei 2015, redio binafsi kubwa za Bujumbura zilipoharibiwa katika jaribio la mapinduzi: uvumi ulichukua nafasi yao, na maelfu ya watu wakakimbia nchi, wengine hadi Fizi, upande huu wa ziwa.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa wasikilizaji wenyewe. Redio nyingi za mikoani ni za wanasiasa au wafanyabiashara, na mwandishi asiye na mshahara hutegemea bahasha anayoachiwa na yule anayemwandika. Kwa nini tuwatetee? Jibu ni kwamba sheria ya kushika mtambo ndiyo inayoilea hali hiyo. Kituo kinachodaiwa malipo na ofisi kadhaa, kinachoweza kufungwa na waziri, gavana au hata meya kwa barua ya ukurasa mmoja, huhitaji mlinzi, na mlinzi wa uhakika ni mwanasiasa. Msikilizaji angelindwa na mambo ambayo yanaweza kuandikwa katika sheria bila gharama kubwa: jina la mmiliki liwe wazi, malipo yakusanywe mahali pamoja, masafa ya FM yagawanywe kwa orodha inayosomwa na kila mtu. Mawimbi ni mali ya umma yenye kikomo, na hakuna anayekataa kwamba serikali lazima iyagawe. Kugawa masafa na kuhukumu maneno ni kazi mbili, na kila zilipochanganywa Kongo, ya pili iliimeza ya kwanza.

Uzito wa jambo hili haujitokezi vizuri katika kumbi za Kinshasa kama unavyojitokeza katika mkoa huu wa Tanganyika. Ugomvi kati ya Watwa na Waluba ulipowaka mwaka 2016 na 2017, maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao na kujihifadhi kando ya mji, wengi wao Katanika. Mtu aliyekimbia anahitaji kujua kama barabara ya kwao ni salama, kama jirani aliyesemekana ameshambulia kweli alishambulia, chakula kinagawiwa wapi. Redio ya karibu, kwa lugha yake, inaweza kumjibu. Inaweza pia, ikiwa mbovu, kumpeleka kulipiza kisasi. Msimamizi aliye umbali wa kilomita 1,500 hawezi kuisikia redio hiyo, na kwa hiyo hawezi kuisifu, kuirekebisha wala kuiadhibu kwa haki. Sheria ya CSAC inatambua uratibu wa mikoa. Uratibu huo ndio ungestahili kupewa nguvu kwanza: watu wanaoishi hapa, wanaopokea malalamiko kwa Kiswahili, wanaosikiliza kanda kabla ya kuamua, wanaoandika sababu ya uamuzi, wanaoweka mwisho wa adhabu, na ambao uamuzi wao unaweza kupelekwa mahakamani.

Madai hayo si makubwa. HAM iliyaonyesha mwaka 2006 ikiwa katika ofisi iliyovunjwa, kwa adhabu ya siku moja iliyompata mwenye dola na mpinzani wake sawasawa. Kila serikali iliyotangulia na iliyofuata ilikuwa na nguvu kuliko HAM, na hakuna iliyofaulu kuwazuia watu wa ziwa wasisikie. Kama zaidi ya miaka themanini ya kufunga haikuleta utii wala amani, aliye na wajibu wa kueleza ni yule anayetaka kuendelea kufunga. Raia wa Kalemie amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kuchagua sauti. Anachokidai kwa serikali yake ni kwamba mojawapo ya sauti hizo, iliyo ya nyumbani, iwe ya kweli na iwajibike kwake.